Rubani Akigeuza Ndege Asiulizwe

Kila mara ndege ndogo inapoanguka katika nchi zetu za Afrika Mashariki, maneno yale yale husemwa. Siku ya kwanza hulaumiwa hali ya hewa. Siku ya pili hulaumiwa rubani, ambaye mara nyingi amekwisha kufa na hawezi kujibu. Siku ya tatu mambo hunyamaza, na wiki ifuatayo watu hupanda ndege za namna ile ile kwenda Mafia, Pemba, Seronera au Lodwar, na miongoni mwao hakosi mmoja anayetazama saa yake na kumwuliza rubani kwa nini hawajaondoka. Leo twataka kusema juu ya mtu huyo mwenye saa. Jina lake haliandikwi katika ripoti yoyote ya uchunguzi, lakini kwa maoni yetu kazi anayoifanya pale mlangoni mwa ndege ni kubwa kuliko anavyodhani.

Huenda wako wasomaji watakaosema kwamba ndege ndogo ni jambo la watalii na matajiri, na gazeti la wafanyakazi lina mambo mengine ya kushughulikia. Sivyo hata kidogo. Tangu mwaka 1957, Dakta Michael Wood na wenzake walipoanzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege katika Afrika Mashariki, ndege ndogo imekuwa gari la wagonjwa la watu wasio na barabara. Hupanda humo mkunga, mkaguzi wa mahesabu, fundi wa mitambo, mbunge, mtumishi anayepeleka chanjo, na mama aliyeshikwa na uchungu kijijini ambako mvua za masika zimekata daraja. Mara nyingi anayeomba ndege iondoke haraka si tajiri anayewahi chakula cha jioni, bali mtumishi mwema mwenye kazi ya haki. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana ni rahisi kumkatalia mtu mwenye upuuzi, na ni vigumu sana kumkatalia mtu mwenye haja ya kweli.

Yatupasa kwanza tufahamu kutua ni nini. Wengi wetu twadhani kutua ni ule mgongano mdogo wa magurudumu na ardhi, na rubani hodari ni yule ambaye mgongano wake hausikiki. Huo ni mwisho tu wa kazi. Kutua kwaanza maili nyingi nyuma, rubani anapouliza upepo unatoka wapi, mawingu yako juu kiasi gani, njia ya kutulia ni kavu au imelowa, na kama hapo hapatutulika, ataelekea wapi na petroli yake itamfikisha. Asipokuwa na jibu la swali hilo la mwisho, rubani huyo hana safari. Ana bahati nasibu.

Tuchukue ndege inayojulikana kuliko zote za aina yake, Cessna 172, yenye viti vinne na injini moja, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo zaidi ya 40,000 zimetengenezwa. Ndege hiyo hukaribia kiwanja kwa mwendo wa noti 65 hivi, yaani kama kilomita 120 kwa saa, vibawa vya nyuma ya mabawa vikiwa vimeshushwa ili bawa liweze kuibeba ndege katika mwendo mdogo. Akipunguza mno mwendo, bawa hupoteza nguvu ya kuibeba na ndege huanguka kama jiwe, na karibu na ardhi hakuna nafasi ya kujirekebisha. Akizidisha, ndege hukataa kukaa chini. Huelea juu ya njia huku mita zikipita. Kuzidisha mwendo kwa sehemu moja katika kumi huongeza masafa ya kusimamia kwa karibu sehemu ishirini na moja katika mia, kwa sababu nguvu ya kitu kinachokwenda hukua kwa mraba wa mwendo wake. Kwenye kiwanja kirefu cha lami hilo si neno. Kwenye kiwanja cha majani cha kijijini, chenye mto au miti mwishoni, hilo ndilo tofauti ya kushuka kwa miguu na kushushwa kwa machela.

Kitabu cha ndege hiyo kinasema wazi: ikitulia kwenye majani makavu, ule mwendo wa ardhini uongezwe sehemu 45 katika mia, na upepo ukiwa unasukuma kutoka nyuma, kila noti mbili za upepo huo huongeza masafa kwa sehemu kumi katika mia. Upepo wa nyuma wa noti kumi, ambao mtu aliyesimama uwanjani huuona kuwa ni wa kupunga tu, huongeza masafa kwa nusu nzima. Ndiyo maana rubani hutua akiuelekea upepo, na ndiyo maana ile soksi ya kitambaa inayopepea juu ya mlingoti kando ya kiwanja si pambo. Tutairudia soksi hiyo.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za upepo. Mzee yeyote wa Unguja ajua kwamba kaskazi hushika miezi ya Desemba hadi Machi, na kusi hufuata na kuvuma hadi karibu na mwisho wa mwaka, na hakuna nahodha aliyepata kusafiri kwa kubishana nazo. Njia ya kurukia ya uwanja wa Unguja imelala kaskazini na kusini. Kusi halisi hutoka kusini-mashariki, basi ndege inayotua kuelekea kusini hupigwa ubavu wa kushoto. Hapo rubani hufanya kama mtu wa mtumbwi anayevuka mto wenye mkondo: huielekeza pua kidogo upande utokako upepo, ndege ikaja kimshazari, na abiria asiyejua hushtuka akidhani imepotea njia. Karibu na ardhi hunyoosha pua na kulaza bawa la upande wa upepo, gurudumu moja likagusa kwanza, kisha la pili. Mtu akitua kwa gurudumu moja katika upepo wa ubavu, msimcheke, amefanya vilivyo. Waliotengeneza Cessna 172 waliijaribu katika upepo wa ubavu wa noti 15, yaani kama kilomita 28 kwa saa, wakaandika kipimo hicho kitabuni. Rubani anayekuta upepo mkali kuliko huo, na anajua kiwanja kingine chenye njia inayouelekea, hana sababu ya kuonyesha ushujaa mbele ya watu watatu aliowachukua.

Bara kuna adui mwingine asiyeonekana, nalo ni joto likichanganyika na kimo. Uwanja wa Wilson mjini Nairobi uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua linapowaka hadi nyuzi 25 huwa nyepesi zaidi, kiasi kwamba ndege hujiona kama iko futi 8,000 hivi. Saa ya mwendo mbele ya rubani itaonyesha noti 65 zile zile, lakini juu ya ardhi ndege inakwenda karibu noti 73, na itahitaji nafasi zaidi ya robo kuliko ile ambayo ingehitaji pwani. Injini nayo, ikivuta hewa hiyo nyembamba, haina nguvu zile zile za kuinyanyua tena kama rubani akighairi. Kwa hiyo katika nyanda za juu uamuzi wa kughairi ni lazima ufanywe mapema. Shirika la Flight Safety Foundation, ambalo limejitolea kwa usalama wa anga, limependekeza kwamba ndege isiyokuwa imetulia katika mwendo wake, mstari wake na mshuko wake ifikapo futi 500 juu ya kiwanja wakati wa hewa nyeupe, au futi 1,000 wakati wa mawingu, isiendelee kutua: rubani asukume nguvu zote, apande, azunguke, ajaribu upya au aende zake. Marubani huhesabu jambo hilo kuwa kazi ya kawaida kama kufunga mkanda. Ni sisi abiria tunaolitazama kama kushindwa, tukaanza kunong'onezana.

Sasa tuje kwenye mawingu, ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Ndege ndogo nyingi, na marubani wengi wa ndege hizo, huruka kwa kuona kwa macho. Kanuni za kimataifa zawataka, katika anga la kawaida chini ya futi 10,000, wawe wanaona mbele kilomita 5 angalau, na wakae mbali na wingu mita 1,500 ubavuni na futi 1,000 juu au chini yake. Mtu atauliza: wingu ni mvuke tu, kwa nini liogopwe hivyo? Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, wanafunzi 20 wa urubani wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vipimo waliwekwa angani pamoja na mwalimu, kisha wakazibwa wasione nje, kana kwamba wameingia katika wingu. Wote 20 walipoteza uwezo wa kuiongoza ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, hazitimii dakika tatu. Karibu wote waliingia katika mzunguko wa kushuka, na kama mwalimu hangekuwako wangeufuata hadi ardhini, kwa sababu sikio la ndani la binadamu, asipoona upeo wa macho, humdanganya. Humwambia amekaa sawa hali amelala ubavu. Huo si woga wala si uzembe, ndivyo tulivyoumbwa.

Hata rubani aliyefundishwa kuruka kwa vipimo ana mambo yanayomshinda. Wingu la radi lina upepo wa kupanda na wa kushuka ndani yake, na mara nyingine humwaga hewa chini kwa ghafla kama ndoo ya maji iliyopinduliwa. Ndege inayotua chini yake hupata kwanza upepo mkali wa mbele, ikapanda, rubani akapunguza nguvu. Sekunde chache baadaye upepo ule ule umekuwa wa nyuma, mwendo umeanguka, na ardhi iko karibu. Mwanasayansi Tetsuya Fujita ndiye aliyeeleza jambo hilo baada ya kuchunguza ajali ya ndege kubwa ya abiria mjini New York mwaka 1975, ambamo walikufa watu 113. Kama ndege kubwa ya injini tatu iliangushwa, ya injini moja ifanye nini? Marubani hufundishwa kukaa maili 20 mbali na wingu la namna hiyo. Mtu anayesema, “Lakini mvua iko upande ule, hapa uwanjani ni pakavu,” hajui anachokizungumza.

Na nchi zetu si mahali pamoja kwa hali ya hewa. Bara, mawingu ya radi hukua mchana na kupasuka alasiri, ndiyo sababu wazoefu hupenda kuruka asubuhi. Lakini katika Ziwa Victoria mambo hugeuka: usiku nchi kavu hupoa, pepo hukutana juu ya maji yenye vuguvugu, radi hulia ziwani usiku kucha, na upepo wa mashariki huisukuma mvua hiyo kwenye ukingo wa magharibi. Bukoba huamka na mvua wakati Dodoma inaamka na jua. Rubani anayekwenda huko na mazoea ya mahali pengine atakuta desturi imegeuzwa. Kuna na hila nyingine isiyojulikana na abiria: injini za kizamani zenye kabureta zaweza kufanya barafu ndani ya koo la kabureta hata siku ya joto la nyuzi 25, hewa ikiwa na unyevu mwingi, kwa kuwa petroli ikigeuka mvuke hupooza hewa sana. Basi kabla ya kupunguza nguvu ili ashuke, rubani huvuta kishikio cha kupasha kabureta joto. Asipovuta, injini yaweza kunyamaza wakati ule ule anapoihitaji. Barafu karibu na Ikweta! Lakini ndivyo ilivyo.

Tukumbuke sasa yaliyotokea. Tangu zamani hadi leo kalenda imejaa majina ya waliokufa katika milima na mawingu, lakini twatosheka na ya karne hii. Tarehe 10 Aprili 2006, wakati wa mvua za masika, ndege ya jeshi la Kenya aina ya Y-12 ilipiga kilima karibu na Marsabit ikijaribu kutua katika hewa mbaya. Kati ya watu 17 walikufa 14, wakiwamo wabunge kadhaa, na mmoja wao alikuwa Dakta Bonaya Godana, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Walikuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikiuana. Ni safari gani iliyo bora kuliko hiyo? Tarehe 15 Novemba 2017 ndege aina ya Cessna Caravan iliyokuwa ikienda Seronera iliangukia kwenye nyanda za Ngorongoro, wakafa wote 11. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan nyingine, ikitoka Kitale kwenda Nairobi, iligonga milima ya Aberdare, wakafa wote 10, na mabaki yake yalionekana siku ya pili yake na zaidi kwa sababu mlima ulikuwa umejifunika. Na tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya hewa mbaya, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliingia ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Hiyo haikuwa ndege ndogo; ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao, na wavuvi ndio waliofika wa kwanza kwa mitumbwi yao kuwaokoa wengine.

Hatusemi kwamba katika ajali hizo kuna mtu aliyemshurutisha rubani. Hilo hatulidai, na marehemu wastahili heshima. Tunachosema ni kwamba katika kila safari ya namna hiyo huwako wakati ambapo kurudi kungali kwawezekana, na wakati huo kila kitu kinachomvuta rubani kwenda mbele huwa ni uzito. Uzito huo watengenezwa na watu, na watu waweza kuupunguza.

Atakaye mfano wa jinsi uzito huo unavyojengwa autazame ule wa Poland, ingawa ndege zake zilikuwa kubwa. Mwezi wa Agosti 2008, wakati wa vita vya Georgia, Rais Lech Kaczyński alitaka ndege yake itue Tbilisi. Rubani alikataa, akaona njia si salama, akatua Ganja katika nchi ya Azerbaijan, na wakubwa wakaenda zao kwa gari. Rais alikasirika hadharani. Rubani yule alitajwa bungeni kwa lawama, ingawa Waziri wa Ulinzi alimpa nishani baadaye. Mtu aliyekuwa ameketi kando yake siku hiyo, rubani msaidizi, aliyaona yote hayo. Mwaka 2010, tarehe 10 Aprili, yeye ndiye aliyekuwa rubani mkuu wa ndege iliyompeleka Rais yule yule Smolensk, nchini Urusi. Uwanja ulikuwa umezibwa na ukungu. Ndege ilishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa, ikapiga miti, wakafa wote 96, Rais akiwamo. Tume ya Urusi na ya Poland zilibishana juu ya mengi, nasi hatuwezi kujua yaliyokuwa moyoni mwa marehemu. Lakini nani atakayesema kwamba karipio la mwaka 2008 lilikuwa limesahauliwa? Karipio moja lililotolewa mbele ya watu hufundisha marubani wote waliolisikia, wala halihitaji kurudiwa.

Basi twasema hivi kwa viongozi, na twaanza na wao kwa sababu sauti zao ni nzito: mkubwa akikodi ndege, ukubwa wake ukomee penye ngazi. Asimpigie simu rubani, asimtume msaidizi wake kuuliza “tatizo ni nini,” asimkumbushe kwamba mkutano unamngoja. Wala maneno ya upole hayafai, kwani kijana wa miaka 27 aliyeajiriwa mwaka jana husikia amri hata katika salamu ya waziri. Likiwako jambo la kuuliza, aulizwe mkuu wa kituo, naye awe na ruhusa ya kutojibu. Mkutano ungoje. Mikutano yetu imekwisha kungoja kwa sababu hafifu zaidi ya hizo, na kila msomaji ajua.

Kwa waajiri wa marubani maneno yetu ni makali zaidi. Rubani anayelipwa kwa safari iliyofika tu, na asiyelipwa kwa safari aliyoirudisha, amewekewa bei juu ya uamuzi wake. Hilo ni jambo la mapatano ya kazi, na vyama vya wafanyakazi vyapaswa kulishika kama vinavyoshika saa za kazi na likizo. Rubani aliyegeuza ndege kwa hali ya hewa alipwe sawasawa na aliyefika, na asiandikiwe barua ya kujieleza. Mhasibu atalalamika kwamba petroli imeungua bure. Haikuungua bure, imewarudisha watu nyumbani.

Habari ya petroli yatuleta kwa abiria wa kawaida, na hapa hatutawasaza ndugu zetu wafanyakazi. Ndege ndogo ina uzito usioweza kuzidishwa. Kila kilo ya mzigo inayoongezwa juu ya kiasi hutolewa mahali fulani, na mahali pa kwanza ni tangi. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 hivi. Mfuko wa kilo 20 wa mchele ulioingizwa kwa kumbembeleza mpakiaji ni sawa na lita 28 za petroli, ambazo kwa ndege ya viti vinne ni zaidi ya nusu saa ya kuruka. Kanuni za kimataifa zawataka wanaoruka mchana kwa kuona kwa macho wabaki na akiba ya dakika 30 wafikapo. Mtu aliyepenyeza mfuko wake amekula akiba ile ile ambayo ingewapeleka kwenye uwanja mwingine wakati huu umefungwa na mvua. Akae basi na kuutazama mfuko wake huku rubani akizunguka juu ya mawingu na sindano ya tangi ikishuka. Vivyo hivyo anayedanganya uzito wake penye mizani kwa haya: aache haya hizo.

Kisha wako watu wasiopanda ndege kabisa, nao wamo katika jambo hili. Mtazamaji wa hali ya hewa anayeamka alfajiri kwenye kituo cha mbali kusoma vipimo vyake, akaandika anachokiona na si alichokiandika jana, huyo ameongoza ndege bila ya kuigusa. Mlinzi wa kiwanja cha kijiji ni mwenzake. Rubani anayekwenda kiwanja kisicho na mnara hupita kwanza juu yake kwa chini, kuwafukuza ng'ombe na kuangalia mashimo, kisha ndipo azunguke kutua. Na katika wingu lililoinama kila mzunguko wa ziada ni hatari ya ziada. Kijiji kinachojua kwamba ndege ya mgonjwa inakuja na kikawatoa mbuzi mapema kimempunguzia rubani mzunguko mmoja. Majani yakatwe kabla hayajafika magotini. Mashimo yaliyochimbwa na maji ya masika yafukiwe na kushindiliwa, si kufunikwa kwa udongo mwepesi unaomeza gurudumu. Twaandika haya kwa sababu kuna vijiji ambako kiwanja hukumbukwa siku ya ziara tu.

Na ile soksi ya upepo tuliyoahidi kuirudia. Kitambaa chake hupauka kwa jua, kikachanika, na katika viwanja vingi hubaki pete ya chuma na vipande vinavyoning'inia, visivyoonyesha upande wowote. Hiyo ni kazi ya fundi cherehani ya asubuhi moja. Halmashauri isiyokuwa na fungu la kitambaa cha soksi na imetenga fungu la hema la wageni kwenye kiwanja hicho hicho itazame upya daftari lake la matumizi kabla ya mvua za vuli kuanza.